Magunia Yenye Majina

Jumanne ile jua lilikuwa limeshagusa milima ya Kongo, kule ng'ambo ya ziwa, Nuhu na Castory walipoteremka ufukweni na guta kuchota mchanga. Guta lenyewe lilikuwa la Castory, pikipiki ya matairi matatu ambayo siku zote alibebea watu mihogo na mkaa katika soko la Mwanga. Hawakuwa na nia mbaya. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye watu wa Ujiji walisema mengi, na wengi wao hawakujua walisemalo.

Mchanga ulikuwa wa kuzoeza springi.

Nuhu alikuwa fundi magari. Nyuma ya gereji yake palikuwa na Haisi kuukuu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kwa miaka mitatu ilikaa juu ya matofali, kuku wakitagia chini ya usukani. Sasa alikuwa ameamua kuifufua. Alikuwa ameziba rejeta, amebadilisha breki, amefunga matairi ya mtumba na springi mpya nne. Alfajiri ya Jumamosi wangeondoka, yeye na marafiki zake wawili, Castory na Mwalimu Thobias, pamoja na mdogo wake Asia. Wangepita Uvinza, Mpanda na Sumbawanga, mpaka Maporomoko ya Kalambo. Safari hiyo walikuwa wameahidiana tangu kidato cha nne, na kila mwaka ikawa ya mdomoni tu. Mwaka huu, Nuhu alisema, hata kama gari litasukumwa, tutafika.

Sasa, springi mpya zina ubishi wake. Fundi aliyemfundisha Nuhu kazi alikuwa na utaratibu asioukiuka: ukishazifunga, usikimbilie barabarani. Pima uzito wa kila abiria wako, jaza mchanga wa uzito huo huo kwenye gunia, liweke gunia pale pale mtu wake atakapokaa. Liache gari lilale nao siku mbili. Kisha toa mzigo, ingia chini, kaza nati upya. Nuhu alikuwa na nyongeza yake mwenyewe. Kila gunia aliliandika jina la mtu wake kwa kalamu ya makapeni, asije akachanganya uzito.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, ingawa siku hiyo halikuonekana.

Castory ndiye aliyepaona mahali pa kuchota. Walipita wanawake wanaoanika dagaa, wakazunguka majabali, wakatokea kwenye kijighuba kisicho na mtu. Palikuwa na matuta matatu ya mchanga, yamelala sambamba, mafupi, na juu ya kila tuta mawe meupe ya mviringo.

"Fundi, njoo uone," Castory akasema, akisukuma mawe kwa mguu. "Umelegea wenyewe. Hata sururu hatuhitaji."

Nuhu akasimama. Mawe yale yalikuwa yamepangwa. Makubwa upande mmoja, madogo upande wa pili. Moyo ukamdunda mara moja, dundo la mtu aliyekumbuka kitu halafu kikampotea.

"Haya mawe nani kayapanga?"

"Watoto. Wavuvi. Mimi najuaje? Shika koleo bwana, giza hilo linaingia."

Nuhu akashika koleo. Ukitaka kumlaumu, mlaumu kwa hilo. Alihisi, akanyamaza, kwa sababu kesho yake mchanga wa kununua ungechelewa, na Jumamosi ilikuwa inakuja mbio.

Tuta la kwanza walilichimba mpaka likaanza kutoa harufu. Haikuwa ya uozo. Ilikuwa ya maji yaliyolala kwenye ndoo siku nyingi. Wakaliacha, wakahamia la pili, nalo likatoa harufu ile ile. Wakamalizia la tatu. Magunia matatu, kila moja na tuta lake.

Wakati wanaondoka, mawimbi yalikuwa yametulia kabisa. Ziwa lote kimya...

*

Gereji walifika taa za barabarani zikiwashwa. Thobias alikuwa anawasubiri pamoja na Asia, ambaye alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye cherehani yake ya Mwanga, uzi ungali umemganda kwenye gauni. Asia alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mama yao alipofariki alikuwa na miaka tisa, na tangu hapo Nuhu ndiye aliyempikia, akamsuka nywele vibaya vibaya, akamkimbiza shule. Tangu baba naye afariki, hawakuwa na mtu mwingine. Kama Nuhu alimpenda Mungu kwa jambo moja, ni kwa kumwachia Asia.

Wakapima mchanga kwa mizani ya kuazima. Thobias alikuwa mnene, kilo tisini na mbili, na Castory akamtania mpaka mwalimu akatishia kubaki.

"Gunia la mwalimu lipewe viti viwili, na nauli mara mbili!"

"Wewe andika jina langu vizuri," Thobias akamwambia Nuhu. "Lenye h. Watu wananikosea."

Nuhu akaandika. CASTORY, gunia la kiti cha mbele, pembeni ya dereva. Castory akalivisha kofia yake. THOBIAS, kiti cha katikati. ASIA, gunia dogo kuliko yote, kilo arobaini na saba, kiti cha nyuma, dirishani. Lake yeye mwenyewe hakulijaza, kwa kuwa fundi ndiye anayekaa kwenye usukani kusikiliza gari.

Wakasimama nje wakichungulia dirishani na kucheka. Magunia yalikuwa yamekaa wima, yanawatazama.

Asubuhi ya Jumatano Nuhu alifungua mlango wa Haisi na maji yakamwagikia miguuni.

Hapakuwa na mvua. Paa lilikuwa zima. Alipanda, akashika gunia la mbele. Lilikuwa limelowa chepechepe, na zito kuliko jana. Alijiambia mchanga wa ufukweni huwa na unyevu, ukikandamizwa unachuja. Alijiambia hivyo mara mbili, akaenda kunywa chai.

Alhamisi asubuhi aliyatoa magunia. Jirani yake wa nyumbani, Mzee Bonaventura, mstaafu wa reli, alikuwa anajenga chumba cha kupangisha pembeni ya gereji, na siku hiyo alikuwa anamwaga zege la sakafu.

"Nuhu, mchanga huo unautupa?"

"Chukua tu, mzee wangu. Nimeshamaliza nao."

Mafundi wa Bonaventura wakaumwaga wote kwenye simenti na kokoto, wakakoroga. Kufikia saa sita sakafu ilikuwa imesawazishwa na kupigwa mwiko. Mzee alifurahi sana.

Jioni hiyo, jua likiwa limetoka kuzama, Nuhu aliingia chini ya gari kukaza nati. Alilala chali, spana mkononi, pua yake ikikaribia springi ya nyuma. Watu walikuwa wameenda kuswali magharibi. Kuku walikuwa wamelala.

Kriiiii...

Springi ya mbele ilibonyea. Polepole, vile inavyobonyea mtu mzima anapopanda.

"Castory?" akaita. "Ndugu yangu, nipo chini huku, usicheze."

Kimya.

Kriiiii... Gari likainamia katikati, sana. Mtu mzito.

Nuhu hakuita tena. Aligeuza kichwa akatazama mlangoni kupitia chini. Hapakuwa na miguu ya mtu yeyote.

Springi ya nyuma, ile iliyokuwa karibu na pua yake, ikabonyea kidogo tu. Kilo arobaini na saba.

Kisha akasikia sauti. Zilikuwa ndogo, za koo lenye maji, zikisema kwa kukwamakwama, vile mwanafunzi wa darasa la kwanza anavyosoma ubao.

"Ka... Kasto... Kastori."

"To... Tobi... Tobiasi."

Na ya tatu, ya kike, taratibu, kwa utamu wa mtu aliyepewa nguo mpya:

"Asia... Asia... Asia."

Nuhu alitoka chini ya gari akiburuza mgongo kwenye vyuma. Akafungua milango yote. Hapakuwa na mtu. Viti vitatu vilikuwa vimelowa, kila kimoja na alama ya makalio ya mtu.

Hakumwambia yeyote. Angesema nini? Kwamba gari lake linajifunza kusoma? Alikwenda nyumbani, akamkuta Asia anakunja nguo za safari huku akiimba, akala wali wake.

*

Ijumaa saa moja asubuhi simu ikaja. Mwenye nyumba wa Castory ndiye aliyevunja mlango, baada ya kuona maji yanapita chini yake.

Castory alikuwa kitandani, chali. Godoro kavu. Shuka kavu. Lakini mdomoni na puani maji yalikuwa bado yanatiririka, na katikati ya meno yake palikuwa na mchanga. Hospitali walisema moyo ulishindwa kufanya kazi, maji yakajaa mapafuni, hutokea hata kwa vijana. Ndugu wakakubali. Watu hupenda kuambiwa kitu chenye jina.

Nuhu alilia sana. Lakini ndani ya kilio kile kulikuwa na hofu, na hofu ilikuwa inahesabu viti.

Saa saba mchana Thobias alikuja gereji, macho mekundu.

"Mama yake anataka kofia yake," alisema. "Anasema hawezi kumzika kichwa wazi. Iko humu?"

"Usipande, mwalimu. Ngoja nikutolee."

"Acha tu, fundi. Nimeshaiona."

Alikuwa ameshapanda. Akaiokota kofia, akakaa kiti cha katikati, akaishika kwa mikono miwili kifuani. Alitaka kulia kidogo mahali pasipo na watu, na Nuhu hakuwa na moyo wa kumfukuza. Akageuka tu kufunga kopo la grisi.

Nyuma yake akasikia mtu anakunywa maji kwa pupa. Gubu. Gubu. Gubu.

Thobias alikuwa ametoa macho. Mikono yake ilikuwa inapiga hewa kwenda juu, vile mtu anayezama anavyopigapiga maji akitafuta kuibuka. Mashavu yamevimba. Nuhu alimvuta, akamwangusha chini, akamkandamiza kifua. Maji yakatoka. Yakatoka tena. Yakatoka mengi kuliko yanavyoweza kukaa ndani ya mtu, baridi, yenye ile harufu ya kulala ndooni, yakachimba mfereji kwenye vumbi la gereji mchana kweupe, jua linawaka.

"Fundi..." Thobias alinong'ona. "Kuna mtu... amekaa... mahali pangu."

Akafa.

Wa mbele. Wa katikati.

Aliyebaki ni wa nyuma, dirishani.

*

Majirani walikuwa wanaanza kukusanyika, lakini Nuhu hakusubiri maiti iondolewe. Alimpigia Asia simu akamwambia arudi nyumbani akakae na mke wa Bonaventura, asiende popote, asiulize. Akachukua guta la marehemu Castory, ambalo lilikuwa bado limeegeshwa gereji, akateremka ufukweni.

Alimkuta mwanamke mmoja anageuza dagaa kwa fagio. Mama Skolastika, mfupi, mkali, hana muda na watu. Nuhu alimwamkia, akaanza kumweleza, na hakumaliza sentensi ya pili.

"Ni nyie," mama akasema. "Jumatano niliona mawe yamepinduliwa. Nikasema, hao waliofanya hivyo tutawasikia."

"Mama, pale pana nini?"

"Pana watu. Watatu. Mtumbwi ulitoka upande wa Kagunga mwaka ule wa mvua nyingi, ukazama. Ziwa likatuletea hao watatu, wote watu wazima. Hatukuwajua. Wa huku, wa Burundi, wa Kongo, nani ajuaye? Sisi mtu wa maji tunamzika pale pale maji yalipomlaza. Ukimpandisha mjini, ziwa linamfuata. Tunamwekea mawe. Na pale hatutaji jina la mtu. Hata kuitana kwenda kula, hatuitani. Asiye na jina anasikiliza sana, mwana wanje, mwanangu."

Nuhu akageuka kulitazama guta tupu.

"Mchanga mliufanyia nini?"

"Tuliuweka kwenye viti. Nikauandika... majina."

Mama Skolastika akaacha kufagia. Ukali wote ulikuwa umemtoka usoni. Kilichobaki kilikuwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtisha Nuhu kuliko kitu kingine chochote.

"Wangapi wamebaki?"

"Mmoja. Mdogo wangu."

"Basi urudishe kabla jua halijazama. Wote. Kila mtu arudishiwe wa kwake, usibaki hata wa kiganjani. Na ukifika pale ufunge mdomo. Unanisikia? Usiite mtu." Akachungulia nyuma ya guta. "Uko wapi huo mchanga?"

Nuhu alikuwa ameshapanda. Akawasha guta.

Mzee Bonaventura alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake kipya akiwaonyesha wageni sakafu. Nuhu alipita katikati yao na nyundo kubwa, akaipiga sakafu ile kwa nguvu zake zote.

"Wewe! Umerukwa na akili?"

"Mzee, nisamehe. Asia anakufa."

Alipiga tena. Bonaventura alimshika bega akamgeuza amtukane, na alipouona uso wake akamwachia. Akaenda ndani, akarudi na nyundo ya pili na tindo. Walivunja pamoja, mzee wa miaka sabini na fundi anayelia, mpaka viganja vikatoka damu.

Lakini zege ni zege. Mchanga, simenti, kokoto na maji vilikuwa vimekuwa kitu kimoja. Nuhu alishika bonge akaligeuzageuza. Yupi alikuwa wa tuta la kwanza? Yupi wa pili? Watu watatu walikuwa wamekorogwa pamoja, wakapigwa mwiko.

Simu ikalia.

"Kaka," Asia alisema. Sauti yake ilikuwa inatoka mbali. "Masikio yangu yamejaa maji. Nimechoka. Ngoja nilale kidogo."

"Usilale! Asia, usilale, kaa wima, nakuja!"

"Kuna mwanamke ananiambia nisogee..."

Simu ikakatika.

Alipakia mabonge kwenye guta. Hakuwa na akili ya kufanya jambo jingine. Alifika kwenye kijighuba jua likiwa limebaki kama ukucha, akayamwaga mabonge juu ya matuta, akayagawanya bila kujua anampa nani nini, akarudisha mawe meupe. Makubwa upande huu. Madogo upande ule. Alipiga magoti. Alifunga mdomo, alivyoagizwa. Alimwomba Mungu kimoyomoyo kwa aya zote alizozijua.

Hakuna kilichobadilika. Maji yalikuwa yametulia vile vile.

Simu ikalia tena. Alikuwa mke wa Bonaventura, na nyuma yake wanawake walikuwa wanapiga mayowe.

"Nuhu, mwanangu, njoo. Asia hapumui."

Mtu anaweza kuelezwa mara mia jambo la kutofanya. Lakini Nuhu alikuwa amemlea mtoto yule. Alikuwa amemwita kutoka michezoni kila jioni ya utoto wake, na kila jioni alikuja. Koo lake likafunguka lenyewe.

"Asia!" akapiga kelele, mkono mmoja ndani ya mchanga. "Asia! Rudi nyumbani! Asia!"

Kimya.

Halafu, kutoka chini ya tuta la tatu, sauti ya kike, ya upole:

"Abee, kaka."

Simu ilikuwa bado hewani katika mkono wake wa pili. Mayowe yalikuwa yamekatika. Kisha ikasikika sauti ya mke wa Bonaventura akicheka na kulia kwa pamoja.

"Amezinduka! Mungu ni mkubwa! Amezinduka, ameketi!"

*

Watu wa mtaa walisema ni muujiza. Jumamosi, siku ambayo wangekuwa njiani kwenda Mpanda, Nuhu aliwazika marafiki zake wawili, mmoja asubuhi na mmoja alasiri. Asia hakuja mazishini. Alisema ana baridi. Alikaa chumbani amejifunika blanketi, anatazama mikono yake juu na chini, anakunja vidole na kuvikunjua.

Nuhu alifurahi. Tusimnyime hilo. Kwa siku moja na nusu alikuwa binadamu mwenye furaha kuliko wote Ujiji, na alikuwa na aibu ya furaha hiyo, kwa kuwa wenzake walikuwa udongoni. Alimpikia uji. Alimwita kwa kila sababu ndogo, ili tu amsikie akiitika. Aliona kwamba kila akimwita, yeye hukawia kidogo kabla ya kugeuka. Aliona kwamba hakujua sukari inakaa wapi. Alijiambia ni homa. Alijiambia hivyo mara mbili.

Jumapili asubuhi aliamka akakuta mlango wa nyuma uko wazi. Asia alikuwa uani, amempa mgongo, amejifunga kanga mgongoni kama anayebeba mtoto. Kanga ilikuwa tupu. Alikuwa anapapasa mgongoni, huku na huku, polepole.

"Mwaramutse, kaka," akasema bila kugeuka.

Kirundi cha salamu kila mtu Ujiji anakijua. Nuhu aliitika. Alitamani sana yaishie hapo.

Akageuka. Ulikuwa uso wa Asia, wenye mwanya wa Asia katikati ya meno. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa yananuka ziwa.

"Kaka, mtoto wangu mmemlaza wapi?"

Asia hakuwahi kuzaa.

Nuhu akajua. Alikuwa amemwita Asia mahali ambapo jina hilo lilikuwa limeshachukuliwa, na mwenye nalo ndiye aliyeitika. Mdogo wake alikuwa kule chini ya mawe meupe, ndani ya maji baridi, na kaka yake hakuwa na jina lolote tena la kumwitia. Lililokuwepo alikuwa nalo huyu.

Angeweza kumwambia ukweli, kwamba hakuna mtoto, kwamba ziwa lilileta watu wazima watatu tu. Mwanamke huyo angeondoka kwenda kumtafuta. Angeingia majini na mikono ile ambayo Nuhu aliifundisha kushika kalamu, na ule mgongo aliouogesha, na huo ungekuwa mwisho wa hata kile kidogo kilichobaki cha Asia juu ya ardhi. Alimtazama. Alimchukia. Akamtazama tena, akaona kovu dogo kwenye kidevu, la siku Asia alipoanguka na baiskeli akiwa darasa la nne.

"Amelala," Nuhu akasema.

Mwanamke akatabasamu.

"Usimwamshe basi."

Wiki sita zimepita sasa. Haisi imefungwa turubai, na mteja aliyekuja kuiulizia aliondoka haraka, akisema viti vinanuka. Nuhu hafungui gereji. Anakaa nyumbani, anapika uji, anapangusa maji kwenye kizingiti kabla majirani hawajaamka. Kila siku anaulizwa, na kila siku anajibu lile lile, mtoto bado amelala, amechoka, muache apumzike. Mke wa Bonaventura humpa hongera kwa jinsi anavyomuuguza mdogo wake.

Leo ameulizwa mara tatu. Mara ya tatu mwanamke hakutabasamu. Alikuwa ameshavaa viatu, na alikuwa amesimama mlangoni, ameelekea ziwani.